Kujifunza ufamasia wa ICU ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo wa mwaka mmoja

Kila kundi la intani likiripoti, maswali ni yale yale. Nifanyeje niwe mfamasia wa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi? Lazima niende Marekani? Nikiingia raundi nitasema nini mbele ya madaktari bingwa? Nimechoka kuyajibu moja moja kwenye simu, kwa hiyo nayaandika hapa yote.

Mwongozo huu ni wako wewe mfamasia mwenye leseni, uliyeajiriwa au unayejitolea katika hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi huku kwetu: Kanda ya Kusini pale Mitengo, Ligula, Sokoine ya Lindi, au hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao. Kama bado uko intani, soma, lakini hatua ya 5 kuendelea fanya ukiwa na mtu pembeni yako.

Tuanze na la Marekani, maana ndilo linalowapotezea watu muda. Kule mfamasia anayetaka kubobea kwa wagonjwa mahututi hupitia mwaka wa kwanza wa mafunzo ya jumla hospitalini, unaoitwa PGY1, kisha mwaka wa pili wa ubobezi, PGY2. Programu hizo huidhinishwa na ASHP, chama chao cha wafamasia wa hospitali. Mgeni aliyesoma nje hutakiwa kwanza apate cheti cha FPGEC, kinachotambua digrii ya famasi ya nje, na hapo ndipo wengi wetu tunapogonga mwamba: aliyehitimu kuanzia tarehe 1 Januari 2003 anatakiwa awe amesoma digrii ya famasi ya miaka isiyopungua 5. Ya kwetu ni miaka 4. Mwaka wa intani unakuja baada ya digrii, usiutegemee kuziba pengo hilo. Usilipe wakala yeyote anayekuambia atakufanyia mpango.

Njia zilizo wazi ni mbili. Ya kwanza ni shahada ya uzamili, mfano ile ya famasi ya hospitali na kitabibu pale MUHAS (Chuo Kikuu cha Muhimbili), au ya famasi ya kitabibu Chuo Kikuu cha Nairobi. Ya pili watu hawaijui: mtihani wa ubobezi wa BPS, bodi ya Marekani ya ubobezi wa famasi, unaotoa cheti cha BCCCP cha wagonjwa mahututi. BPS hawadai uwe umesoma Marekani. Wanataka digrii iliyokupa haki ya kufanya kazi nchini mwako, leseni hai, na kwa asiyepitia PGY1 wala PGY2, uzoefu wa miaka 4 ambao angalau nusu yake ni kazi ya wagonjwa mahututi. Mtihani ni wa Kiingereza na ada ni ya dola, hiyo jipange. Masharti hubadilika, yasome upya kabla ya kuomba.

Njia zote mbili zinakudai kitu kimoja, nacho ni kazi ya kitandani unayoweza kuithibitisha. Hiyo unaipata hapa hapa, ukijiwekea utaratibu kama wa hao wenzetu wa PGY2: mlezi, ratiba, kumbukumbu na mradi mmoja.

KABLA YA KUANZA, UWE NA HIVI

- Leseni hai ya Baraza la Famasi. Ukiingia wodini leseni imeisha, siku kukitokea tatizo utakuwa peke yako.
- Mlezi. Daktari wa usingizi au bingwa wa magonjwa ya ndani anafaa kabisa kama hakuna mfamasia mwenye uzoefu.
- Mwongozo wa Tiba wa Taifa pamoja na orodha ya dawa muhimu, toleo la 2021, kwenye simu yako.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha, ila simu iwe na chaji.
- Daftari gumu la mistari na kalamu. Ndiyo, daftari la karatasi. Mtandao wa hospitali ukizima, karatasi haizimi.
- Dakika 90 za asubuhi ambazo bosi wako amekubali hutakuwa dirishani pa kutolea dawa.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo ndilo hatua ya kwanza.

HATUA YA 1: Omba ruhusa kwa maandishi

Usianze kuzunguka ICU kimya kimya. Mwandikie mfamasia kiongozi barua ya ukurasa mmoja, nakala kwa mganga mfawidhi: unataka kufanya nini, saa ngapi, nani atashika dirisha wakati huo, na baada ya miezi 3 utaleta taarifa gani. Kama unahitaji hoja, upo utafiti wa Boston wa mwaka 1999: mfamasia alipoingia raundi za ICU, madhara ya dawa yanayozuilika yaliyotokana na uandikaji wa dawa yalipungua kwa asilimia 66, na kati ya mapendekezo 366 aliyotoa kuhusu dawa zilizoandikwa, madaktari walikubali 362. Weka sentensi hiyo moja, usiongeze nyingine. Wakubwa hawasomi barua ndefu.

Kosa la kawaida: kuomba "kuanzisha kitengo". Kitengo kina bajeti na vikao. Wewe omba dakika 90.

HATUA YA 2: Wiki mbili za kwanza, jifunze chumba

Usishauri chochote. Fungua kabati la dharura pamoja na muuguzi kiongozi, uone kila ampuli imeandikwaje na inaisha lini. Angalia friji: kipimajoto kipo, na kinasoma kati ya nyuzi 2 na 8? Suksamethonia na insulini zimo humo au zimeachwa kwenye trei? Pampu za sindano ziko ngapi zinazofanya kazi, na betri inashika muda gani umeme ukikatika? Mashine za kupumulia ni ngapi? Maabara inatoa majibu ya potasiamu usiku, au mpaka asubuhi?

Majibu ya maswali hayo yatabadilisha kila ushauri utakaotoa baadaye. Kitabu kinasema pima kiwango cha vankomaisini kwenye damu. Kama maabara yenu haipimi, inabidi ujue kuilinda figo kwa njia nyingine.

Kabla hujatoka, tafuta ampuli za potasiamu kloraidi kali. Ukizikuta zimechanganywa na maji ya sindano kwenye boksi moja, hapo umepata kazi yako ya kwanza, na hiyo usisubiri wiki mbili ziishe. Ziwekwe mbali, kwenye chombo chenye lebo nyekundu.

Na heshima ianze hapo hapo. Muuguzi kiongozi wa ICU mara nyingi ni mtu mzima aliyekaa chumbani humo miaka mingi kabla yako. "Shikamoo mama, naomba unioneshe mnavyochanganya" itakufungulia milango ambayo digrii yako haifungui.

HATUA YA 3: Fika kabla ya raundi

Raundi ikianza saa tatu, wewe fika saa moja na nusu. Kwa kila kitanda andika: umri, uzito (kama haujapimwa, kadiria na uandike kuwa ni makadirio), tatizo kuu, kreatinini (kipimo cha figo) ya mwisho na tarehe yake, mkojo wa saa 24, mzio, na dawa zote anazopata sasa. Nasema anazopata, maana zilizoandikwa ni jambo jingine. Linganisha karatasi ya daktari na chati ya muuguzi. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo madini yako. Seftriaksoni imeandikwa juzi, chati haina sahihi hata moja: je, dawa haikuwepo, ndugu walitumwa kununua, au mshipa ulipotea?

Andika namba ya kitanda, usiandike jina. Na usipige picha ya faili kuituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kama unaomba ushauri tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

HATUA YA 4: Kila kitanda, maswali saba

Madaktari wa ICU wana orodha iitwayo FAST HUG, aliyoiandika Jean-Louis Vincent mwaka 2005. Kwa mfamasia naigeuza hivi:

Anakula nini, na kupitia wapi? Maumivu yanatulizwa? Dawa ya usingizi imezidi au imepungua, na inaweza kupunguzwa leo? Anapata kinga ya damu kuganda miguuni, au kuna sababu ya kutompa? Kichwa cha kitanda kimeinuliwa? Anahitaji kinga ya vidonda vya tumbo, au anapewa omeprazole kwa mazoea? Sukari iko wapi?

Kwenye sukari, anza kufikiria insulini ikivuka milimoli 10 kwa lita na kubaki huko. Usikimbilie kuishusha iwe kama ya mtu mzima wa afya. Pale ambapo sukari inapimwa mara chache usiku, kinachoua haraka ni kushuka.

Hii ya omeprazole utakutana nayo kila siku. Mgonjwa ametoka kwenye mashine ya kupumulia, anakula ugali, omeprazole bado inaendelea kwa sababu hakuna aliyeisimamisha. Anza na hiyo. Ni ushauri mwepesi, haumtishi mtu, na unakujengea jina.

HATUA YA 5: Hesabu za dripu mpaka zikutoke mdomoni

Hapa ndipo wengi wanatetemeka, kwa hiyo twende taratibu. Mgonjwa ana kilo 60, yuko kwenye mshtuko wa maambukizi, daktari anataka noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika. Mmeweka miligramu 4 kwenye sindano ya mililita 50.

Miligramu 4 ni mikrogramu 4,000. Gawa kwa 50: kila mililita ina mikrogramu 80.
Dozi: 0.1 × 60 = mikrogramu 6 kwa dakika.
Kwa saa: 6 × 60 = 360.
Kasi: 360 ÷ 80 = mililita 4.5 kwa saa.

Sasa pampu imeharibika, au iko moja na ina mgonjwa mwingine. Weka miligramu 4 zile zile kwenye chupa ya mililita 500. Kila mililita sasa ina mikrogramu 8, na kasi inakuwa mililita 45 kwa saa. Kwa mpira wa watoto wenye matone 60 kwa mililita, hiyo ni matone 45 kwa dakika. Kwa mpira wa kawaida wa matone 20 kwa mililita, ni matone 15. Matone 15 ni machache mno, mgonjwa akikunja mkono tu kasi imebadilika, kwa hiyo omba mpira wa watoto na umwambie muuguzi sababu. Dripu ya namna hii inataka jicho muda wote. Pampu yoyote ikipatikana, huyu ndiye wa kwanza kuipata.

Onyo kubwa: soma lebo ya noradrenalini mara mbili. Watengenezaji wengine huandika uzito wa tartareti (chumvi yake), wengine uzito wa noradrenalini yenyewe. Miligramu 2 za tartareti ni sawa na miligramu 1 ya noradrenalini. Shehena mpya ikifika yenye lebo tofauti na ya zamani, mgonjwa anaweza kupewa nusu au mara mbili, na hakuna atakayejua kwa nini presha inacheza. Kila shehena mpya, bandika karatasi ukutani juu ya kabati: "Ampuli hii ina kiasi hiki."

Onyo la pili, la mshipa. Noradrenalini ikipita kwenye mshipa mdogo wa kiganja ikavuja, nyama inakufa. Kama hakuna mshipa mkubwa wa kati, tumieni mshipa mnene wa mkono na kuukagua kila saa.

Potasiamu nayo fanya hivyo hivyo. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 15 ina milimoli 20. Ya asilimia 10 ina kama 13. Haidungwi moja kwa moja hata siku moja. Inachanganywa, inatikiswa vizuri ili isikae chini, na kwa mshipa wa kawaida usivuke milimoli 10 kwa saa.

HATUA YA 6: Figo

Tumia kanuni ya Cockcroft na Gault, inayokadiria figo zinasafisha mililita ngapi za damu kwa dakika. Kreatinini ikiwa kwa mikromoli: (140 toa umri) × uzito × 1.23 kwa mwanamume au 1.04 kwa mwanamke, gawa kwa kreatinini. Maabara ikikupa miligramu kwa desilita, zidisha kwanza kwa 88.4.

Mama wa miaka 60, kilo 50, kreatinini 250: 80 × 50 × 1.04 ÷ 250, unapata kama mililita 17 kwa dakika. Meropenemu aliyoandikiwa gramu 1 kila saa 8 inashuka kuwa miligramu 500 kila saa 12.

Lakini usiwe na haraka. Dozi ya kwanza ya antibayotiki kwa mgonjwa wa mshtuko haipunguzwi kwa sababu ya figo. Inatolewa kamili, na ndani ya saa 1. Punguza zinazofuata. Tena kanuni hii inadanganya pale kreatinini inapopanda au kushuka kila siku. Mgonjwa ambaye hajakojoa tangu jana, mhesabie kama figo zimelala hata karatasi ikisema kreatinini ni nzuri.

HATUA YA 7: Mrija wa puani na mshipa mmoja wa dawa zote

Wagonjwa wetu wanapewa uji na maziwa kupitia mrija, na dawa zinapita humo humo. Siprofloksasini ikikutana na maziwa, nyingi haifyonzwi. Fenitoini hivyo hivyo na chakula cha mrija: simamisha chakula saa 1 hadi 2 kabla na baada. Usiruhusu vidonge vya kuachilia dawa polepole visagwe. Nifedipini ya aina hiyo ikitwangwa inamwaga dozi ya siku nzima mara moja, presha inaanguka.

Kwenye mshipa, haya manne yashike kwa kichwa. Fenitoini inachanganywa na saline tu, kwenye deksitrosi inaganda. Amfoterisini B ya kawaida ni kinyume chake, deksitrosi tu. Seftriaksoni haipiti pamoja na Ringa wala kalsiamu yoyote. Baikaboneti haichanganywi na kalsiamu wala adrenalini. Ukiona mpira umekuwa mweupe kama maziwa, funga, badilisha mpira wote, usijaribu kusukuma.

HATUA YA 8: Dharura za kwetu

Vitabu vya nje vitakufundisha sana moyo na upandikizaji wa viungo. Huku Kusini jiandae na haya.

Sumu ya kupulizia mikorosho. Kuanzia Mei hadi Agosti wakulima wanapambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na viuatilifu viko kila nyumba kuanzia Newala na Tandahimba mpaka Nachingwea. Mgonjwa akiletwa amekunywa "dawa ya korosho", swali lako la kwanza kwa ndugu ni: ipi? Salfa ya unga inawasha macho na kifua, haihitaji atropini. Viuatilifu vya maji vya kundi la oganofosfeti ni habari nyingine kabisa. Watume warudi na chupa au hata lebo iliyochanika. Wakija, usiwahoji kwa nini alikunywa, hiyo si kazi yako na si wakati wake.

Kwa oganofosfeti, atropini huanza kwa mtu mzima na miligramu 2 hivi kwenye mshipa, na huongezwa mara mbili kila dakika 5 mpaka kifua kikauke, mapigo yavuke 80 na presha ya juu ivuke 80. Sasa piga hesabu ya stoo. 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16: tayari ni miligramu 30 ndani ya robo saa. Kwa ampuli za miligramu 1 ni ampuli 30. Kwa zile za 0.6 ni 50. Baada ya hapo dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kila saa, yaani miligramu 3 hadi 6. Mgonjwa mmoja, siku ya kwanza, anaweza kumaliza zaidi ya ampuli 100. Nenda sasa hivi ukahesabu zilizopo. Ukikuta boksi moja la ampuli 10, barua ya kuomba nyongeza iandike leo, na msimu ukikaribia ongeza tena.

Kosa linalojirudia ni kufuata mboni za macho. Mboni zinaweza kuchelewa kutanuka. Kinachotakiwa ni kifua kikavu. Kosa la pili ni kuendelea kusukuma wakati mgonjwa ameshaanza kuweweseka, joto limepanda na tumbo limekaa kimya. Hapo imezidi. Simamisha, subiri, uanze tena kwa kasi ndogo.

Kifafa cha mimba. Magnesiamu salfeti ya asilimia 50 ina gramu 1 kwenye mililita 2. Dozi ya kuanzia ya gramu 4 ni mililita 8, ongeza maji ya sindano mpaka mililita 20, ipite polepole. Kazi yako ni kuhakikisha kabla ya kila dozi inayofuata kuna alama tatu kwenye chati: goti linaruka, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, mkojo ni mililita 30 au zaidi kwa saa. Moja ikikosekana, dozi isubiri na daktari aitwe. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe kando ya kitanda, isiwe stoo.

Malaria kali. Atesuneti miligramu 2.4 kwa kilo, saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku. Mtoto chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 144, yaani vichupa 3 vya miligramu 60. Wengi wanampa viwili kwa sababu "ndivyo tulivyozoea". Ikishachanganywa itumike ndani ya saa 1. Akiruhusiwa, mwambie arudi kupima damu baada ya wiki moja hadi mbili na tena baadaye, kwa kuwa seli nyekundu zinaweza kuvunjika akiwa ameshafika nyumbani.

HATUA YA 9: Panga akiba ukijua barabara yetu

Bohari ya Dawa ina kanda hapa Mtwara, hilo ni jema. Lakini mzigo mwingi unapita barabara ya Dar. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, na magari yalikaa siku kadhaa. Tengeneza orodha fupi ya dawa ambazo ICU haiwezi kulala bila kuwa nazo: adrenalini, noradrenalini, atropini, ketamini, kalsiamu glukoneti, magnesiamu, atesuneti, insulini, antibayotiki mbili tatu mnazotegemea. Kwa kila moja andika kiwango cha chini kwa hesabu ya wagonjwa, siyo ya maboksi: "atropini, wagonjwa 2". Daktari anaelewa wagonjwa, na mhasibu pia.

HATUA YA 10: Daftari na mradi

Kila ushauri uliotoa, mstari mmoja: tarehe, namba ya kitanda, tatizo, ulichopendekeza, ulikubaliwa au la, kilichotokea. Jioni, siyo mwisho wa wiki. Mlezi asaini kila mwezi, pamoja na saa ulizotumia ICU. Ukija kuomba uzamili, au ukitaka kuonesha uzoefu wako kwa BPS, daftari hili lenye sahihi ndilo litakalokusemea. Madhara ya dawa unayoyaona, jaza fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Usiishie kuyaandika kwako.

Mwezi wa sita chagua mradi mmoja mdogo. Unaofaa sana ni huu: tangu daktari aandike antibiotiki ya kwanza mpaka iingie mshipani, zinapita dakika ngapi? Pima wagonjwa 20, tafuta mahali muda unapopotelea (mara nyingi ni kwenye malipo na kutembea kwenda dirishani), rekebisha kitu kimoja, pima tena 20. Kwa ukaguzi wa ndani kibali cha uongozi kinatosha. Ukitaka kuchapisha, tafuta kibali cha maadili kabla hujaanza kukusanya, maana hakitolewi kwa kurudi nyuma.

UKIKWAMA

Daktari hakusikilizi. Angalia unavyosema. "Dozi hii siyo" mbele ya intani wake na ndugu wa mgonjwa haitakufikisha popote. Jaribu: "Dokta, kitanda cha 3 kreatinini imepanda mpaka 250, naomba tushushe meropenemu iwe 500 kila saa 12. Nimeandika hesabu hapa." Tatizo, namba, pendekezo, karatasi. Akikataa na hakuna hatari ya haraka, andika kwenye daftari na uulize sababu baada ya raundi; mara nyingine ana sababu nzuri ambayo hukuiona. Kukiwa na hatari ya haraka, kama potasiamu inayotaka kudungwa, sema pale pale, na umwambie muuguzi asubiri.

Wauguzi wanakuona mpelelezi. Umeanza na kukosoa chati. Wiki moja wasaidie kuandaa michanganyiko migumu, uweke lebo, ubandike jedwali la matone ukutani.

Dirisha limezidiwa, umeitwa urudi. Itatokea kila mwisho wa mwezi. Usigombane. Siku hizo chagua vitanda viwili vyenye mgonjwa mbaya zaidi, vipitie kwa dakika 20, ushuke. Kupungua ni sawa. Kukosa kabisa wiki nzima ndiko kunakoua utaratibu.

Dawa iliyoandikwa haipo hospitali wala mjini. Usiishie kusema "hatuna". Nenda na mbadala mkononi: noradrenalini imeisha, adrenalini ipo, kasi ni hii, angalizo ni sukari na mapigo kupanda.

Hakuna mlezi kabisa. Hospitali ndogo za wilaya ziko hivyo. Panga na mfamasia au daktari wa Mitengo, Ligula au Sokoine simu ya nusu saa kila wiki, upeleke visa viwili bila majina, na uombe likizo yako ya mwaka uitumie wiki mbili kwenye ICU yao. Barua ya kuomba ipitie kwa mganga mfawidhi wako, isije ikaonekana umetoroka kazini.

Umepewa uhamisho mwezi wa nane. Daftari lisainiwe kabla hujafunga mizigo, kwa sababu mlezi akishahamia Dodoma sahihi yake utaitafuta mwaka mzima.